Mkono wa Mwenyekiti Mtarajiwa

Jumatatu, 3 Machi

Kampeni imeanza vibaya. Jumamosi kikundi chetu cha kuzikana, sisi watu wa Busia tunaoishi mtaa wa Manyatta hapa Kisumu, kinachagua mwenyekiti. Tuko wawili. Mimi, Masinde, fundi nguo wa kuheshimika. Na Mukhwana, mtu anayeonyesha meno yote hata kwenye kilio.

Leo tulikuwa matangani Kisian. Kwetu kura hutafutwa kwa mkono. Unazunguka viti vyote, unashika, unatikisa, unauliza habari za ng'ombe. Lakini mkono wangu wa kulia umevimba tangu Krismasi. Asubuhi haushiki hata mkasi. Nikawa naruka watu. Mukhwana alikuwa nyuma yangu, akimsalimu kila niliyemruka. Kwa Mama Nabwire nilijaribu mkono wa kushoto. Kosa kubwa! Mama huyu akisema neno, kina mama wote wa kikundi wanalifuata. Aliniuliza kama nimeanza kudharau watu kabla ya kupewa kiti.

Jumanne, 4 Machi

Mpango mpya: bendeji. Nani atalazimisha salamu kwa mtu mwenye bendeji? Nilieleza kuwa niliumia nikimwokoa mbuzi wa jirani mtaroni. Hadithi nzuri, yenye utu ndani yake.

Kufika saa sita, Mukhwana alikuwa ameshasambaza yake: kwamba mke wangu Nabalayo amenipiga mwiko. Watu wameamini hiyo. Nabalayo ameudhika sana. Anasema angekuwa ni yeye, singeumia mkono peke yake. Ameniamuru nirudi kliniki kesho.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Mara ya mwisho walipima damu, ikawa safi. Wakapiga picha ya mifupa, ikawa safi. Leo Daktari Lorine akasema tuangalie kano zenyewe kwa skani. Skani ile ile ya wajawazito! Nikaketishwa kwenye benchi lao. Mama mmoja aliuliza mke wangu ana miezi mingapi. Nikamwambia ni mimi ninayepimwa. Akasogea pembeni. Mbaya zaidi, mwishoni mwa benchi alikaa Debra, katibu wa kikundi chetu, na mimba yake. Aliniona vizuri kabisa.

Nilipakwa jeli kifundoni. Kwenye kioo, kijivu kitupu. Lorine alinionyesha kano, kamba zinazovuta vidole, na maji meusi yaliyozizunguka. Vidoa vyekundu vilimetameta. Alisema hapo ndipo penye uvimbe unaowaka. Alisema damu inaweza kunyamaza na mifupa ikaonekana mizima, huku kano zimeshaanza kuumia. Akijumlisha hayo na vidole kukaza kila asubuhi, yeye anaona ni baridi yabisi inayoanza. Baridi! Kisumu! Mwezi wa tatu! Nilimuuliza baridi hiyo imetoka wapi. Hakucheka.

"Mzee, tumeiona mapema," alisema. "Dawa anza leo, usingoje. Ukichelewa hiyo kano inaweza kukatika, na mkasi hutashika tena."

Niliogopa, siwezi kuficha. Halafu akanipa ile picha niende nayo, na woga ukaisha. Ushahidi! Mimi si mwenye dharau, mimi ni mgonjwa wa kweli, na mashine yenyewe imethibitisha. Vidonge nitaanza Jumapili. Wapiga kura lazima waukute uvimbe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetoa nakala za picha na kuzigawa nyumba kwa nyumba. Kila nyumba inanipongeza. Sikuelewa mpaka nilipofika kwa Mama Nabwire. Debra alikuwa ameshatangaza kwamba aliniona kwenye foleni ya wajawazito. Mama Nabwire alivaa miwani, akaigeuza picha, akaigeuza tena.

"Amefanana na wewe, Baba Byron," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu. "Hata paji la uso."

Lile paji ni kifundo changu cha mkono. Nilitaka kumweleza. Lakini aliongeza kuwa baba anayetarajia mtoto anastahili kiti, na kwamba kura za kina mama ni zangu. Nikanyamaza kwa heshima.

Jioni nakala moja ilimfikia Nabalayo. Aliiweka mezani, palipopaswa kuwa na ugali.

"Huyu ni wa nani?"

Nikasema ni kano. Hakuamini. Akapekua koti langu, akakuta vidonge vyote vimo. Aliuliza ni mgonjwa wa aina gani huyo asiyemeza dawa. Ili kuokoa ndoa ilibidi nimeze mbele yake.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Uvimbe unashuka. Nimeukanda mkono, nimeuning'iniza, nimeugonga mezani kidogo. Wapi! Nimekata suti nzima bila maumivu. Nina uchungu mwingi moyoni.

Jumamosi, 8 Machi

Mukhwana aliomba wanachama wauone huo mkono maarufu. Nikafungua bendeji. Ulikuwa laini. Akausalimia mbele ya watu wote, akautikisa kwa muda mrefu, na mimi kwa bahati mbaya nikafurahia. Mama Nabwire akaulizia mtoto. Nabalayo akasimama, akasema hakuna mtoto, ile ni picha ya mkono. Mama Nabwire alisikitika. Alikuwa ameshamwombea.

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Wangu uliinuka vizuri, peke yake. Nabalayo anasema yake yote miwili ilikuwa imeshika sufuria.

Jumatano, 12 Machi

Nimekata rufaa. Watu walipiga kura wakiamini sikuwa mgonjwa, kwa hiyo uchaguzi ni batili. Wazee wa kikundi watasikiliza mwisho wa mwezi.

Jumatatu nilimwona Daktari Lorine. Amefurahi. Alisisitiza nisiache dawa hata nikijiona mzima, na nikamwahidi kabisa. Vidonge viko ndani ya cherehani yangu mbovu, vitakaa huko mpaka kesi iishe. Mbele ya Nabalayo nameza peremende nyeupe.

Leo asubuhi kidole cha kati kimekataa kukunjika. Ushahidi unarudi vizuri.