Kwa Shemeji Hakuna Hii

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kaja tena. Mikono mitupu, mdomo umejaa. Kakaa pembeni ya kitanda cha mama yake, yaani mama mkwe wangu, ambaye ana wiki ya pili chumba cha nyuma na mguu kwenye plasta. Akatangaza mbele yangu kwamba kwake sasa kuna intaneti nyumba nzima. Sebuleni, jikoni, hadi chooni! Nani aliuliza habari za chooni?

Mama akasema kweli amechoka kutazamana na dari. Binti yake yuko kazini hadi saa kumi, mimi niko stoo ya ofisi hadi saa nane, na nikirudi najifungia sebuleni na mipango yangu. Hapa anaongea na nani? Jumapili atatoa jibu: abaki kwetu au ahamie kwa mwanawe mpaka mguu upone.

Mke wangu akasema hapo hapo, bila kunitazama, kwamba mama akienda na yeye anaenda kumuuguza, kwa sababu kaka yake hajui hata kumwekea mgonjwa mto. Miezi mitatu! Nikabaki nimetoa macho.

Hapo ulimi ukateleza. Nikasema hata sisi tunafunga intaneti wiki hii. Shemeji akacheka, akasema haya, Bwana Mipango, tutaona. Ndivyo anavyoniita, Bwana Mipango. Na sio kwa heshima.

Mguu ulivunjikaje? Tusifike huko. Ni habari ya pazia.

(Naandika haya sebuleni, alasiri, nikijisomea kwa sauti kama kawaida yangu. Neno lisiposikika mimi naona bado halijaandikwa. Mke wangu anasema naandika kwa mdomo.)

Jumanne, 5 Machi

Nimepata ruta, kile kisanduku cha kusambaza intaneti!

Ofisini wameleta mpya, ile ya zamani ilikuwa inasubiri kutupwa. Iko stoo kwangu, chini ya mashine ya faksi. Nikaiomba kwa bosi. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ni mambo ya kifamilia. Akanipa pole, sijui kwa nini.

Antena tatu! Nimeichomeka mezani karibu na kompyuta yetu ya zamani. Taa moja ikawaka. Ya pili. Ya tatu ikaanza kupepesa. Jamani! Nilisimama pale kama mtu aliyeletewa mtoto kwenye shuka. Sikujua kama nikae au nivue viatu.

Inataka jina. Nimeuita mtandao wangu KWA SHEMEJI HAKUNA HII. Herufi kubwa zote.

Simu imeuona mara moja. Imeunganishwa! Chini yake, kwa herufi ndogo: hakuna intaneti. Nikasema sawa, haijafika. Hata maji yakikatika, ukifungua bomba linakohoa kwanza. Nikasubiri saa mbili. Nikaihamishia juu ya kabati. Nikaipeleka dirishani, antena zimetazama nje. Mke wangu karudi akakuta nimeinyanyua kwa mikono miwili uani. Akauliza nakinga nini. Nikamwambia aende tu ndani.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa fundi simu wa pale kona, mama mmoja mwenye miwani minene ambaye hajawahi kunionea huruma. Akauliza nimelipia kampuni gani inilete intaneti. Nikasema nina ruta. Akauliza tena, polepole. Nikasema ina antena tatu.

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanieleza. Umejenga nyumba, akasema, ina milango mizuri kati ya chumba na chumba, ila mlango wa kutokea nje hukuweka. Ndani mtatembeleana mpendavyo. Nje hutoki.

Uso ulinishuka. Halafu nikashtuka. Ndani tutatembeleana? Akasema ndiyo, kompyuta na simu zilizomo mle zinaweza kupelekeana maandishi, picha, hata sauti, bila intaneti yoyote. Nikamwambia hicho ndicho nilichokusudia toka mwanzo. Akachukua mkoba wake wa vifaa.

Akaja mwenyewe nyumbani, bado anacheka, akaweka programu kwenye kompyuta, kwenye simu yangu na kwenye simu ya mama mkwe. Yeye chumbani akaelekezwa pa kubonyeza. Fundi aliongeza jambo fulani kuhusu kipaza sauti cha kompyuta, nikimaliza nifanye nini sijui. Sikulisikia vizuri. Nilikuwa natazama taa.

Alipoondoka nikajaribu. Picha kutoka kompyuta ya sebuleni, simu yangu nimeishika ukumbini, ukuta katikati. Ukuta wa matofali! Nimewahi kushindwa kupigilia msumari kwenye ukuta ule. Picha imepita! Hakuna waya, hakuna tundu, hakuna hata vumbi. Nikaenda jikoni, ikaja. Chooni, ikaja (Shemeji, unasikia?). Nikaupapasa ukuta kwa kiganja. Baridi, mkavu, kama ulivyokuwa jana. Miaka kumi na moja naishi humu, sikujua kuta zinapitika.

Nimemweleza mke wangu, naye akapapasa. Akasema sufuria inaungua.

Sasa mpango. Mama hajui tofauti. Atauliza intaneti swali kwenye simu yake, swali litatokea huku kwenye kompyuta, nami nitajibu. Intaneti nitakuwa mimi! Mpango safi. Kichwa kinanivimba.

Alhamisi, 7 Machi

Intaneti imeanza kazi saa tisa alasiri.

Swali la kwanza la mama: plasta hukaa muda gani? Nilijibu wiki sita hadi kumi na mbili, kadiri ya utulivu wa mgonjwa. Nikaongeza kwamba wataalamu wanashauri mgonjwa asihamishwe nyumba. Nimejipiga kifua peke yangu.

La pili: mkwe wangu ni mtu wa namna gani? Nikajibu ni mtu wa kipaji kikubwa ambaye bado hajaeleweka. Kisha la tatu: na pazia atalitundika lini?

Niliandika: hakuna majibu yaliyopatikana.

Nikamsikia akicheka peke yake kule chumbani. Anaipenda, intaneti yangu.

Kwa kuwa hii ni shajara, niseme ukweli. Mama ni mtu mwema lakini anavyokunywa chai! Anaivuta kwa mluzi, nasikia mpaka huku. Na zile biskuti zake kwenye kopo jekundu zilizopungua tatu, ni mimi. Nimefuta vizuri makombo. Hatajua kamwe.

Ijumaa, 8 Machi

Maajabu.

Asubuhi mama amekunywa chai kimya. Kimya kabisa! Akamwambia binti yake kwamba humu ndani kuna watu wenye masikio laini. Na kopo jekundu limehama. Sasa liko chini ya mto wake, na amelipigapiga huku akinitazama. Nywele zilinisimama. Huyu mama ana jicho la ndani. Mguu mmoja umefungwa, lakini anaona nyumba nzima! Nitamwogopa zaidi.

Alasiri akaiuliza intaneti kama inaweza kumtafutia picha ya marehemu mume wake.

Mikono ilitulia juu ya vibonyezo. Nilikumbuka kwamba mke wangu aliziingiza picha za zamani humu kwenye kompyuta, na hakuna aliyezifungua tena. Nikatafuta. Nikampata. Baba mkwe, kijana, ameegemea baiskeli mpya, anacheka mdomo wazi, jino la mbele halipo. Nikaituma.

Nikanyata hadi ukumbini nikachungulia. Mama ameiweka simu kifuani, ameikumbatia kwa mikono yote miwili, macho yanatazama dari ile ile, ila hakuwa anatazama dari.

Mtu huyu na baiskeli yake alikuwa hatua kumi na mbili kutoka kitandani kwake siku zote hizi. Akapita ukuta kwa kufumba na kufumbua. Sijui nani aligundua jambo hili, lakini ningemwona ningempa kiti.

Nikarudi mezani. Swali lilikuwa limekuja: alikuwa anacheka nini?

Niliandika kwamba intaneti haijui, ila mama anajua. Hakuuliza tena.

Mke wangu leo amenishika bega alipokuwa anapita. Tutashinda Jumapili. Nina hakika!

Jumamosi, 9 Machi

Balaa.

Shemeji kaja kukagua. Amesimama katikati ya chumba cha mama, akatoa simu yake, akatafuta mtandao. Akausoma kwa sauti: kwa shemeji hakuna hii. Akaninyanyulia nyusi. Akaomba neno la siri. Sikuwa na jinsi, mke wangu akamtajia. Kisha akasoma kilichofuata, taratibu, kama hakimu: imeunganishwa. Hakuna intaneti.

Akataka kujua mama alikuwa anajibiwa na nani basi siku zote hizi. Nikaanza kueleza habari za nyumba na milango. Nikachanganya. Nikasema ina antena tatu.

Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akamwambia mama yake kwamba amedanganywa kama mtoto, na kesho asubuhi atakuja na gari. Mama akaomba maji ya kunywa, akasema jibu lake ni kesho, kesho haijafika. Mke wangu hakunigombeza. Alivuta begi kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo. Angenigombeza ningejua la kufanya.

Sasa wamelala kidogo, nami niko hapa sebuleni peke yangu na taa zinazopepesa.

Wacha niandike, hakuna anayesoma. Pazia lile lilikuwa langu. Niliahidi kulitundika tangu mwezi wa kwanza. Nilikuwa na mpango wa kamba na kapi, kile kigurudumu cha kuvutia, lijifungue lenyewe. Mama alichoka kusubiri, akapanda kiti. Nilisikia kishindo nikiwa hapa hapa mezani, nachora kapi. Sijamwomba radhi. Kila nikifika mlangoni kwake nakosa pa kuanzia, naishia kumuuliza kama anataka mto.

Na sitaki aende. Sio kwa sababu ya Shemeji tu. Nilipokuwa intaneti nilikuwa natoka ofisini mbio nijue ataniuliza nini leo. Wakienda, kandambili zao mbili hazitakuwa mlangoni. Nitaongea na ruta.

Basi. Nimesoma yote kwa sauti na sijisikii nafuu.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Shemeji kafika na gari, injini hakuzima. Begi mlangoni. Sote chumbani kwa mama. Mama akasema anabaki.

Shemeji akapigwa na butwaa. Akamkumbusha kwamba hapa hakuna intaneti. Mama akasema anajua, toka Jumatano anajua. Alimsikia fundi akicheka, ila maana yake aliipata alasiri ile, nilipokuwa nasoma.

Nasoma?

Akainua simu yake. Kipaza sauti cha kompyuta hakijazimwa tangu Jumatano. Kila alasiri kilinasa nilichojisomea na kumfikishia kwenye simu, neno kwa neno! Mpango. Mluzi wa chai. Biskuti tatu. Alisema mwanzoni alikusudia kuniita anitie adabu, lakini akataka kwanza kujua kesho yake itakuwaje. Redio, akasema, haijawahi kumfurahisha hivi. Kwa mwanawe atapata dunia nzima, watu wasiomjua na asiowajua. Hapa kuna mjinga mmoja anayemsema kwa jina. Akasema jana alilia mpaka mto ukalowa.

Kisha akaniambia mbele ya wote kwamba habari ya kiti amesamehe, alisamehe akiwa bado sakafuni, na nisitetemeke, niende nikachemshe chai.

Nilikwenda. Nikalia jikoni, nikisingizia moshi wa jiko. Jiko letu ni la umeme. Mke wangu akaja, akacheka na kulia kwa pamoja, akalifungua begi palepale sakafuni. Shemeji amekaa hadi chai ikaisha. Ameniaga kwa kunipa mkono. Mkono mzima!

Nimepata funzo kubwa sana, na hili hapa: mtandao wangu ni mzuri kupita kiasi. Kosa lilikuwa ni nguvu yake.

Mke wangu ameniomba jambo moja tu, pazia. Nimemwahidi. Wala sitapanda kiti! Nimeanza kuchora: kijimota, uzi, na simu kuukuu. Mama atabonyeza kitandani, pazia litatembea lenyewe kwa njia ya mtandao. Dunia itashangaa. Nitahitaji mwezi, labda miwili.

Na Shemeji. Ofisini nimeona ruta nyingine chini ya meza. Nitampelekea zawadi, kwa upole, aiweke sebuleni kwake na kipaza sauti kidogo kando. Tutajua anavyotusema. Hatashuku chochote.

Safari hii nimekizima mwenyewe kipaza sauti. Nimebonyeza, taa nyekundu imewaka, maana yake kimezimwa. Sasa naweza kuandika kwa uhuru.

Mama anaita kutoka chumbani. Anasema hapo kwenye habari ya Shemeji nilishusha sauti, hakusikia vizuri.

Nimemsomea tena.