Nilimshitaki Jirani kwa Kisima Chake

Leo nimejiumbua, tena kwa miguu yangu mwenyewe. Nilitoka shule nikaifuata aibu hadi ofisi ya kata. Hakuna aliyenituma.

Chanzo ni udongo. Jirani yetu, Baba Zuhura, kauza korosho zake kwa wanunuzi binafsi, sasa anachimba kisima cha kukinga maji ya mvua. Kisima gani, lile bonde! Udongo wote unaporomokea upande wetu. Na anayefagia upande wetu ni nani? (Mimi. Newala nzima hakuna fagio linalonifahamu kuliko la kwetu.)

Mwalimu alishatufundisha kuwa ujenzi lazima uwe na kibali. Alipofika kwenye yale yasiyohitaji kibali, kengele ya chakula ikalia. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni mwa darasa.

"Shikamoo, mzee," nikamsalimu afisa wa kata ofisini kwake.

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nimekuja kuripoti ujenzi usio na kibali."

Afisa akavua miwani. "Umeuliza kwanza taratibu zinasemaje?"

"Nazijua, mzee." (Jamani, ulimi huu!)

Akachukua mkoba wake na futi kamba, tukaongozana. Nilitangulia, kifua mbele, kama nimekamata jambazi.

Baba Zuhura alikuwa shimoni, kichwa tu kinaonekana. "Ni kisima, bwana," akamwambia afisa. "Mvua zikinyesha, hata Mama Salumu hapo jirani atachota." (Mama Salumu ni mama yangu. Salumu ni mimi. Tuendelee.)

Afisa akanigeukia. "Kisima cha maji ya mvua ndani ya ua wa mtu hakihitaji kibali. Ungeuliza, ningekujibu palepale kwenye kiti."

Angerudi ofisini hapo, yangeisha. Lakini mtu akishatoka na futi, lazima apime kitu. Macho yake yakatua kwenye kibanda cha Mama, cha mabanzi na bati, alichosimamisha mbele ya nyumba tangu biashara ilipokuwa ruksa. Sukari, sabuni, na ada yangu, vyote hutoka humo. Afisa akavuta futi kutoka barabarani. Akakipita kibanda. Akaenda hadi karibu na mlango wetu!

"Hiki cha nani?"

"Changu, baba," Mama akajibu, mkononi ana kipimo cha mafuta ya taa.

"Kimo ndani ya hifadhi ya barabara, mama. Kitoke kabla ya wiki kwisha." Akatoa kopo la rangi mkobani, akachora X nyekundu ubavuni mwa kibanda.

Mama akaitazama ile X. "Baba, samahani. Nani kakuleta huku kwetu?"

Afisa, mtu mkweli kupita kiasi, akaninyooshea futi.

Wateja wakaangua kicheko. Baba Zuhura akapaza sauti kutoka shimoni: "We Salumu! Mbona umesahau kumpeleka na chooni kwenu akapime?"

Mama hakufoka. Hilo ndilo lililonitisha. Aliingia chumbani kwangu, akaanza kupima ukuta kwa mikono. "Shelfu itakaa hapa. Wateja watahudumiwa dirishani."

"Mama, na kitanda changu?"

"Kina kibali?"

Basi msinicheke, jamani. Na ukija kununua mafuta ya taa alfajiri, bisha dirishani polepole. Muuzaji atakuwa amelala chini ya shelfu.