Urefu Mdogo Kabisa Ulionitoa Jasho Ukweni

Leo nimefedheheka, tena ukweni.

Nilialikwa chakula cha mchana Magogoni, kwa kina Riziki, mchumba wangu, wanitazame vizuri kabla sijapeleka posa. Mamake ni fundi cherehani. Mimi nafundisha fizikia sekondari, na Riziki alikuwa amewaambia hakuna swali linalonishinda. (Hapo ndipo ningepaswa kumkanya.)

Nikaamkia, nikaketi kati ya shangazi wawili. Mama akaniuliza siku hizi nasoma nini. Badala ya kusema nasahihisha mitihani, nikajibu, "Graviti ya kwanta, mama." Nikaeleza kwa madaha kwamba ni fizikia ya mvutano katika vitu vidogo mno, na kwamba wataalamu wengine wanadhani upo urefu mdogo kabisa, usioweza kukatwa tena.

Mama alikuwa na tepu ya kupimia shingoni. Akaishika. "Redioni walisema kitu kikienda mbio sana huonekana kimefupika."

"Kweli, mama. Hiyo ni nadharia maalumu ya uhusianifu."

"Basi huo urefu wako mdogo kabisa, ukipita mbio mbele yangu, utafupika? Ukifupika, si nitakuwa nimeona mdogo zaidi? Na usipofupika, hiyo nadharia imekwenda wapi?"

(Miaka minane darasani, sijawahi kuulizwa hivyo.) Nikaomba kwenda msalani.

Huko nikatafuta video upesi. Picha inacheza, sauti sisikii. Nikaongeza hadi mwisho. Kimya. Nikaiacha, nikawa nasoma midomo ya yule msemaji. Ndipo Riziki akabisha mlango.

"Zima hiyo simu," akanong'ona. "Imejiunga na spika ya sebuleni."

Spika ile ile niliyoiunganisha na simu yangu kuwachezea nyimbo Jumapili iliyopita.

Nikarudi. Shangazi mmoja alikuwa amejifunika leso usoni, mabega yanamtikisika.

"Tumesikia yote," mama akasema. "Amesema kama hujui chochote, anzia hapa. Kisha akasema hata wataalamu bado wanabishana. Wengine waona mambo hayo mawili yapatana, wengine wasema moja litabidi lirekebishwe."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mwanangu, si ungesema tu hujui? Wali ungekuwa bado moto."

Nimekula macho kwenye sahani. Hadi sasa sijaelewa kama urefu huo unafupika au haufupiki, na Riziki hajajibu ujumbe wangu. Ukinikuta nangoja matatu stejini Bombolulu, nisalimie tu, upite.