Habari za Kutiishwa kwa Gari Lililosita Mbele ya Mama Mkwe

Sogeeni, enyi wenye magari nanyi mnaobebwa, zimeni redio zenu, mpate kusikia habari za vita vilivyopiganwa uani kwangu baina ya mwanadamu mmoja na boneti moja. Aliyepigana ni mimi, Jemadari wa Spana Namba Kumi, Simba wa Uani, ambaye majirani wasio na adabu huniita Bwana Keshokutwa, kwa kuwa ndiyo siku ambayo nimekuwa nikiahidi kulitengeneza gari langu. Sitatia chumvi sana, maana mke wangu alikuwapo.

Gari hilo lilikuwa na ugonjwa wa kusita. Likiachwa lijiendee polepole halikuwa na neno. Lakini ukilikanyagia mafuta, hasa mlimani, lilishtuka, likakohoa, likatafakari, ndipo likaondoka kwa shingo upande. Na baina ya nyumba yangu na kituo cha mabasi pana mlima.

Siku aliyowasili mama mkwe, mlima ule ulinivua nguo. Nilikanyaga, gari likasita, na mwuza mikate akatupita kwa baiskeli, tena akatupungia mkono. Mama mkwe, Malkia wa Kiti cha Nyuma, alikuwa ameshika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono yake yote miwili. Ijulikane kwamba tangu nilipomwoa binti yake, mama huyu hakupata kunisemesha mimi mwenyewe. Yote aliyotaka kuniambia aliyapitisha kwa mke wangu, hata nikiwa nimesimama katikati yao na birika la chai mkononi.

"Mwambie mumeo," alisema siku ile, "kurudi napanda gari la jirani. Roho yangu bado naihitaji."

Basi asubuhi ya kurudi ikawadia. Jirani, mwenye gari linalong'aa na mdomo usiofungwa, alikwisha kuwasha injini yake. Nikayaona yajayo: mama atashuka kituoni kutoka gari la mwingine, ukoo mzima utahadithiwa, nami nitakuwa mkwe wa kutajwa kwa kuguna. Niliumia, wala sioni haya kusema. Nilitaka mama yule anihesabu mtu, japo mara moja.

Nikavaa deraya yangu, yaani fulana iliyotoboka kwapani, nikafungua boneti na kunguruma:

"Ewe injini, binti wa chuma, mnywaji wa petroli usiyeshukuru! Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Leo ama zako, ama zangu!"

"Unaongea na nani?" mke wangu aliuliza kutoka dirisha la jikoni.

Vita hivyo vilikuwa na historia ndefu ya kushindwa. Niliwahi kung'oa plagi nikaweka mpya, gari likasita. Nilibadili filta ya mafuta. Likasita kwa mafuta safi zaidi. Nikamlaani mwenye kituo cha petroli, nikahamia kingine; likasita huko nako, mbele ya watu wapya. Na kila nilipolipima hapo uani, bila gia, lilivuma vizuri kabisa, kama mtoto mtundu aliyeona wageni.

Asubuhi hiyo nililipima tena vivyo hivyo, likavuma, nikakuna kichwa. Mke wangu akatoka na taulo begani.

"Mbona unalipima limekaa?" akasema. "Si linasita likifanya kazi? Hata wewe ukikaa huna ugonjwa."

Neno hilo lilinichoma, lakini lilikuwa neno. Nikamwomba aketi kwenye usukani, atie gia, akandamize breki kwa mguu mmoja na kugusa mafuta kwa mwingine. Mimi nikasimama ubavuni, kwa kuwa ushujaa wangu haukufika kusimama mbele. Akakanyaga. Injini ikajiinamia upande, ikalivuta bomba la mpira linaloipelekea hewa, na kwenye kunjo la bomba hilo ufa ukafunguka ukapiga mluzi. Akaachia, ufa ukajifunga, ukatulia pasipo hatia. Kumbe hapo ndipo hewa ilipoingia kwa wizi na kuivuruga injini! Siku za mwizi ni arobaini, na zake zilitimia uani kwangu.

Lakini kumwona adui si kumfunga. Bomba jipya lilikuwa dukani, na jirani alikuwa anapiga honi. Mama mkwe akatoka na furushi lake, lililofungwa kwa ukanda mrefu wa mpira wa tyubu. Akatazama ndani ya boneti kitambo, akanitazama na mimi kwapani. Kisha akafungua furushi lake.

"Mwambie mumeo afunge na huu," akasema. "Avute hasa."

Nikafunga, nikavuta hasa. Furushi likabaki wazi, nami nikaingia ndani nikatoka na tai yangu ya harusi, nikalifunga kwa hiyo. Ndipo nikamgeukia jirani.

"Ewe jirani, zima chombo chako! Malkia anasafiri nami!"

"Sawa," akajibu. "Mkikwama nipigieni."

Mlima ukatukabili. Moyo wangu ulidunda kuliko injini. Nikakanyaga mafuta, na gari, enyi mnaonisikiliza, likaenda! Tukampita mwuza mikate, nikampungia. Ila kiti cha nyuma kilikuwa kimya, nami nikahofu kwamba mama anaomba dua za mwisho. Mke wangu akageuka kutazama.

"Amelala," akanong'ona.

Mikono ya mama ilikuwa mapajani. Kishikio cha juu ya mlango hakikuwa na mtu.

Kituoni mama akafumbua macho, akaangaza, kisha akasema, "Mwanangu, tumeshafika?"

Nilimtazama mke wangu anifikishie maneno, kama ilivyo desturi. Mke wangu akatazama nje.

"Tumefika, mama," nikasema, nikashuka kumfungulia mlango.

"Haya. Huo mpira wangu utaniletea mwenyewe. Njoo na gari."

Na vikumbuke basi vizazi vyote: siku ile bomba lilitiishwa, mama mkwe alisinzia mlimani, na tai yangu ya harusi ikaondoka juu ya basi kama bendera ya ushindi. Bomba jipya nitalinunua keshokutwa.