Kisima cha Hewa na Pilipili ya Mzee Shomari

Jamani, leo nimeadhirika mchana kweupe, na mashahidi ninao jengo zima. Kabla hamjayasikia kwa wengine (video ipo, naambiwa imeshafika Mbagala), nisikilizeni mimi mwenye tukio.

Mnajua kazi yangu. Nasimamia jengo la ghorofa sita hapa Kariakoo, mali ya Mzee Mushi. Ni maduka tu chini mpaka juu: mapazia, vipodozi, vyombo, mikoba. Mnajua pia linavyonitesa. Madirisha yamezibwa na marobota. Viyoyozi vinaunguruma tangu asubuhi huku milango ya maduka iko wazi, maana mteja wa Kariakoo akikuta mlango umefungwa anahamia kwa jirani. Kwa hiyo tunapoza mtaa. Kuta zina ukungu, wapangaji wanaumwa vichwa na mafua yasiyoisha, halafu bili ya umeme ikija wananitazama mimi utafikiri nimeunywa.

Sasa, katikati ya jengo kuna uwazi mrefu kama kisima, kutoka nyuma ya maduka ya chini hadi paani. Kila ghorofa ina dirisha la kufungukia humo. Aliyechora jengo alikuwa na akili zake: hewa ya moto ipande itokee juu, hewa mpya ivutwe kutoka chini. Wapangaji wakayapigilia mbao madirisha hayo na kupanga mizigo mbele yake. Paani wakafunika bati. Kisima kikafa.

Nimembembeleza Mzee Mushi kuhusu hicho kisima mpaka nikawa kero. Wiki iliyopita akakubali, huku anapiga miayo.

"Haya, Zuhura. Kifungue. Waite wapangaji wenye AC, waonyeshe. Wakikubali kuzizima asubuhi, unabaki na jengo. Wakikataa, namkabidhi Godi."

Godi ni mpwa wake. Kazi kubwa niliyowahi kumwona akiifanya ni kuzungusha funguo za gari kidoleni.

Basi leo ikawa leo. Nilivaa gauni la Idi. Mafundi wakabandua mbao, bati likatolewa, marobota yakasogezwa kwa manung'uniko. Wapangaji wa chini sikuwaita, hawana viyoyozi. Huko chini kero yangu ilikuwa moja tu, Mzee Shomari muuza viungo, ambaye mashine yake ya kusagia ilikuwa inatema vumbi kwenye korido mpaka wateja wanapiga chafya. Hiyo niliimaliza mwezi uliopita. Nilimwamuru ageuze mashine, mdomo wake uangalie nyuma. Akageuza bila neno, nami nikajipongeza sana. (Iwekeni akilini hiyo pongezi.)

Kikao kilikuwa ghorofa ya tatu, mbele ya dirisha la kisima. Mzee Mushi kwenye kiti. Godi nyuma yake, kavaa miwani mikubwa ya jua ndani ya nyumba (nilicheka moyoni, Mungu ananiona). Mbele kabisa Mama Neema, muuza mapazia na mwenyekiti wa wapangaji, mikono kaikunja kifuani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Anza, nina safari."

Nikampigia mlinzi azime viyoyozi vyote. Jengo likanyamaza. Tukasikia wabeba mizigo huko barabarani wakiomba njia. Kisha, taratibu, upepo. Mapazia mlangoni kwa Mama Neema yakatikisika.

"Mh," akasema Mama Neema. "Kweli upepo upo."

Ndugu zangu, ile "mh" ilinilevya. Niliona kabisa nimebaki na jengo. Mtu mwenye busara angeishia hapo, akashukuru, akagawa soda. Mimi nikaongeza mahubiri.

"Sogeeni dirishani," nikasema. "Wote. Fumbeni macho, vuteni pumzi ndefu. Hii ndiyo hewa mliyoyanyima mapafu yenu."

Wakasogea. Hata Mzee Mushi aliinuka kitini. Kwa mbali, chini, mashine ikaanza kuunguruma. Niliisikia vizuri tu. Nikapaza sauti nisizidiwe.

"Tena! Kwa pua!"

Ilikuwa pilipili kichaa, kavu, gunia zima, oda ya mtu wa hoteli. Na mdomo wa mashine, kama mtu fulani alivyoamuru, ulikuwa unaangalia nyuma, kwenye kisima.

Mama Neema alianza. Alikohoa mpaka wigi likahama. Mzee Mushi akatamka neno la Kichaga ambalo sikuomba tafsiri. Mimi mwenyewe sikuona kitu, nilishika ukuta, nikasikia mtu ghorofa za juu akipiga kelele kwamba gesi imevuja. Hapo ngazi zikajaa. Na msidhani watu waliacha maduka wazi. Walikohoa, wakalia, wakafunga makufuli, ndipo wakakimbia.

Mnajua nani alituongoza ngazini? Godi. Miwani niliyoicheka ndiyo iliyomwachia macho. Alimshika mjomba wake mkono, hatua kwa hatua, akisema, "Taratibu, Mjomba, niko hapa." Mzee Mushi akaushikilia ule mkono mpaka nje.

Tukasimama barabarani, jengo zima, tunalia. Mama mmoja mpita njia akaona kundi la watu wazima na machozi, akajitanda khanga kichwani vizuri.

"Poleni jamani. Marehemu ni nani?"

Mama Neema, anajifuta macho, akaninyooshea kidole. "Marehemu ni kibarua cha huyu."

Yule mama akanisogelea, akanipa mkono wa pole. Niliupokea. Ningefanyaje?

Mzee Shomari akatoka dukani macho makavu kabisa, amezoea.

"Mzee wangu," nikamwambia, "kweli umekosa saa nyingine ya kusaga?"

"Si wewe uliyesema nigeuzie nyuma? Nikageuza. Leo umefungua nyuma. Hukuniambia."

"Tulikuwa na kikao."

"Hukuniita."

Nimetembea jengo lile na semina zangu za hewa safi, nimepanda mpaka paani, na neno moja la kumwambia jirani wa chini likanishinda.

Mzee Mushi akanitazama, macho mekundu. "Zuhura, nakupongeza. Umeme leo umeokoa kweli. Hakuna mtu ndani." Akakohoa. "Funguo mpe Godi."

Nikampa. Akaanza kuzizungusha kidoleni.

Njiani nimelia tena, na pilipili ilikuwa imeshaisha. Nimeumia, sitaki kujifanya. Naambiwa amri ya kwanza ya Godi ni mbao zirudi na viyoyozi viwashwe, na wapangaji wamempigia makofi. Mzee Shomari naye ana foleni mpaka barabarani. Watu wanasema pilipili iliyotoa ghorofa sita nje haijachakachuliwa.

Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ilifikaje juu upesi hivyo. Ilifika kwa sababu kisima kinavuta. Tangu jengo lile lisimame hakuna aliyethibitisha hoja yake vizuri kama mimi leo, na ushahidi ndio ulionifukuzisha kazi.

Basi msicheke. Na mkishindwa kujizuia, chekeni kwa mdomo. Pua zipumzisheni.