Hamira Chini ya Kisiwa

Jumatatu, 13 Juni 1994

Mwanangu Kanze kachaguliwa maonyesho ya sayansi. Kidato cha tatu, na walimu washamwogopa. Katengeneza kisiwa cha volkano: juu mlima wa karatasi, chini sanduku la kioo. Nikamuuliza humo ndani mna nini. Akanieleza taratibu, kama anilishaye. Miamba iliyoyeyuka, yaitwa magma, nayo ni ya namna mbili. Moja nyeupe, nzito, imekaa ikapoa kidogo. Nyingine nyeusi, nyepesi, ya moto, yapanda kutoka chini zaidi. Ikiingia, ile nzito hupata joto, hufura, mlima hupasuka. Kisha kilele hudidimia, pakabaki shimo kama bakuli. Kaldera hiyo. Nyeupe yake ni uji wa wanga, nyeusi ni shira ya sukari guru.

Akishinda, Nairobi. Katika ukoo wetu hajatoka mtu kwenda Nairobi kwa akili zake. Wateja wangu wote wa mahamri washajua. Truphosa, jirani wa mlango wa pili, asema bintiye Naomi naye ana jiko la jua. Nikampa pole.

Alhamisi, 16 Juni

Maonyesho leo. Kanze alipokwenda kuoga nikauchungulia uji. Mwepesi, hauna harufu. Kitu kitoke nyumbani kwangu mimi Mbodze, watu wakute uji wa mgonjwa? Nimeumwaga. Nimetia unga, tui, iliki, hamira ya kutosha. Weupe ule ule. Hatajua.

Ijumaa, 17 Juni

Jana ukumbi wa Tononoka ulikuwa na joto la kuumua unga bila kifuniko. Kanze akaingiza shira ya moto. Kisiwa kikainuka. Kikainama. Kikalala juu ya daftari la mwamuzi. Nikapiga makofi, peke yangu.

Kanze akanusa iliki, akanigeukia. "Mama, umetia nini humu?"

"Hamira kidogo tu, mwanangu."

Waamuzi wakasema shimo ni zuri, ila magma mbili hazionekani. Naomi wa kwanza. Truphosa akanipitia mlangoni: "Mama Kanze, mlima wako wauza vipi kwa dazeni?"

Bahati, mwalimu wake wa sayansi, Joab, kamwombea kwa waamuzi. Nafasi ya pili ya Nairobi ingali wazi. Kanze arudie Jumatatu.

Jumamosi, 18 Juni

Kanze hakulia. Hilo ndilo lililonichoma. Kanikalisha kitako. Shira na uji havitakiwi kuchanganyika vikawa kitu kimoja. Mistari myeusi ndani ya weupe ndiyo ushahidi kwamba mbili zilikutana, hata kwenye jiwe lililopoa huonekana. Mistari ndiyo watakayoitazama.

"Usiguse, mama. Nakuomba kwa heshima zote."

Nikamwapia. Nimeelewa kila neno, na mtoto anavyosema, hata mwalimu hamfikii.

Jumapili, 19 Juni

Kanze katengeneza upya, katia shira ndani ya uji, kauacha mezani ugande hadi kesho. Kisha akaenda kanisani, kwaya. Mimi nimekaa mbali. Nimekaa mbali hadi saa tano. Nikaja kupangusa kioo tu, vumbi.

Mistari myeusi. Huku nyeupe, kule nyeusi, madonge. Miaka kumi na tisa napika, na sijatoa mlangoni kitu kilichokorogwa nusu. Atazame Truphosa, aseme Kanze hakufunzwa kushika mwiko?

Nimekoroga. Mbele, nyuma, mpaka chini. Sasa ni rangi moja, laini, kama chai ya maziwa.

Kesho waamuzi watauliza mtoto huyu kalelewa na nani. Nimeshapiga pasi leso yangu mpya.