Saizi Kumi na Sita na Gomesi ya Mama

Jumapili, 17 Agosti 2025

Dada yangu Edith ametangaza baada ya kanisa. Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Budalang'i. Yeye atafichwa kati yetu wasichana sita, sote tumefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, na Nicholas wake atatakiwa kumtambua. Leso zinainuliwa moja moja. Kila inapoinuliwa, watu mia moja wanamtazama aliye chini yake.

Mimi ni wa kwanza kwenye mstari. Wa kwanza! Nimemwomba Edith aniweke wa mwisho. Amesema wa mwisho ni Carolyne kwa sababu ana mwendo.

Carolyne ni binamu yetu. Ana mwendo, ana kiuno, na kwenye simu yake ana picha yangu ya mwaka juzi kwenye harusi ya mjomba. Zipu imepasuka mgongo mzima nami natabasamu, kwa sababu bado sijajua. Tangu siku ile, kila sherehe mimi huvaa sweta ya shule juu ya nguo. Hata juani.

Tatizo langu ni la hesabu. Magauni ya kawaida madukani yanaishia saizi kumi na nne. Duka la akina mama wanene linaanza kumi na nane. Mimi ni kumi na sita. Jana mwenye duka la kwanza aliniambia nivute pumzi ili zipu ifunge. Ikafunga. Akanishauri nisiiachilie pumzi hiyo mpaka sherehe iishe. Mwenye duka la pili alinitazama kwa huruma. "Mtoto wangu, huku bado hujafika," akasema. "Enda ule kwanza, halafu urudi."

Niko kama lori la hapa kwetu mpakani Malaba ambalo Kenya imeshaliruhusu na Uganda haijalipokea.

Siku sita. Leso ikiinuliwa, nataka kuwa mtu mwingine.

Jumatatu, 18 Agosti

Mpango wa kwanza: Busia, siku ya kufungua belo la mitumba. Wauzaji huita uchaguzi wa kwanza kamera, na mabaki ya jioni huyaita fagia. Maisha yangu yote nimevaa fagia. Leo nilifika kabla jua halijachomoza, nikasimama mbele kabisa.

Belo likakatwa kamba. Nikasema samahani. Nadhani nilisema samahani mara nne. Mara ya tano nilikuwa nyuma ya kila mtu, na kiatu kimoja.

Lakini mkono wangu ulikuwa umeshika kitu! Laini, kizito, rangi ya zambarau iliyokolea. Sikukiachia. Nililipa mbio mbio na kukikunjua nikiwa stendi. Kina pete kumi na mbili za chuma upande wa juu.

Ni pazia.

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri gari aliniuliza ninauza bei gani.

Jumanne, 19 Agosti

Mvua. Nimesoma kutwa nzima bila kuelewa ukurasa hata mmoja. Carolyne amekuja kutuonyesha gauni lake. Limemkaa kama maji yanavyokaa kwenye glasi. Ameniuliza kwa upole kama sweta yangu imefuliwa.

Jioni wazo likanijia. Mama yuko Nangina hospitalini, anamuuguza mama mdogo, na hatarudi mpaka Ijumaa. Kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake kuna gomesi yake ya bluu yenye maua ya dhahabu, lile vazi refu la kujifunga, lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Inateleza kama hariri na ina kitambaa kingi kupita kiasi. Fundi mzuri anaweza kutoa gauni humo, saizi yoyote.

Si wizi. Edith mwenyewe amesema upande wa Nicholas utamletea Mama gomesi mpya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ya zamani imestaafu. Nimeipitia hoja hii mara tatu kama wakili na sijaona ufa.

Jumatano, 20 Agosti

Mafundi wote wa upande wetu wanamjua Mama. Nikavuka mpaka. Kuna fundi upande wa Uganda anaitwa Egwang, mwenye bango la mitindo thelathini na sita ukutani. Nilikuwa nimeshachagua namba kumi na moja: mabega wazi, mpasuo hadi gotini.

Kabla sijafika kwake, Mama Ongodia akaniona. Ni jirani yetu, hununua magauni ng'ambo na kuyauza kwenye meza yake Malaba. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba nguo za mkononi huulizwa ushuru, na nguo za mwilini haziulizwi. Alinivuta nyuma ya duka moja na kunivisha magauni matatu, moja juu ya jingine, kisha rinda langu juu ya yote. Akanizunguka akifurahi. Akaeleza kwamba mwembamba akivaa matatu anaonekana, na mnene hana nafasi ya kuongeza.

"Lakini wewe, mama, uko katikati. Hakuna anayejua ulianzia wapi."

Hakuna mtu aliyewahi kuusifu mwili wangu kabla ya leo. Ningevaa hata matano.

Nilikusudia kumweleza Egwang, nivue yale matatu kwanza. Lakini kibandani, kwenye benchi, alikuwa ameketi afisa wa forodha akisubiri suruali yake ifupishwe. Amevaa sare kamili! Ningesema nini? Egwang akanizungushia utepe kifuani, kiunoni, nyongani, akitaja namba kwa sauti na kuziandika ukutani kwa chaki. Jasho lilinitiririka kupitia nguo nne. Nilimnong'oneza apunguze kidogo kwenye hizo namba.

"Nyabo," akasema, kama wanavyowaita wanawake upande ule, "kila msichana ananiambia nipunguze. Mimi si mganga. Mimi nashona mwili uliopo."

Afisa akatikisa kichwa kukubali.

Kisha Egwang akachukua mkasi na kuikata gomesi papo hapo, kutoka begani hadi chini. Mkasi ulilia kama mtu anayefungua bahasha ambayo si yake. Nilitaka kusema ngoja.

Nilisema asante.

Nimefika nyumbani salama. Mama Ongodia amenipa ndizi mbili. Najiambia kwamba nguo kubwa hupunguzwa, ni ndogo tu ndiyo haina dawa.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama amepiga simu. Mama mdogo anaendelea vizuri. Edith akaniwekea simu sikioni kwa sababu Mama alikuwa na kazi ya kunipa: niitoe gomesi sandukuni, niianike kivulini, dawa ya nondo iishe harufu. Niangalie jua lisiipaushe.

Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba nilidhani atavaa mpya. Akacheka. Mpya wataitoa mwishoni kabisa mwa sherehe, akasema, kwani anatakiwa kuwapokea wageni amevaa gunia? Halafu akasema jambo ambalo sikulijua. Baba aliinunua Tororo wiki aliyozaliwa Edith. Mama aliivaa kwenye ubatizo wa Edith, kwenye kipaimara chake, siku alipomaliza chuo. "Sijakosa kuivaa siku hata moja ya Edith," akasema. "Baba yenu hayupo, lakini hiyo ipo."

Ufa umeonekana.

Nilijibu kwamba tayari nimeianika. Baadaye Edith akauliza mbona haioni kwenye kamba. Nikasema iko kivulini. Akauliza kivuli gani. Nikaenda chooni na kukaa huko mpaka alipoitwa na Carolyne.

Ijumaa, 22 Agosti

Gauni liko tayari. Ni zuri kuliko picha ya bango. Nililivaa nyuma ya pazia la kibanda na likaendelea kuteremka mpaka nikalishika kwa mikono miwili. Ningeweza kumweka Carolyne ndani yake pamoja nami na bado tukapata nafasi ya kugeuka.

Egwang aliyatazama maandishi yake ya chaki, akanitazama mimi, akanipima upya. Akaniuliza taratibu kama nimeugua tangu Jumatano. Nikamweleza kuhusu Mama Ongodia, magauni matatu na afisa. Alicheka mpaka akashika cherehani asianguke. Kisha nikamweleza gomesi ni ya nani na kesho ni siku gani. Akaacha kucheka.

Nikauliza kama inaweza kurudi kuwa gomesi.

"Nyabo, nyama ya kusaga hairudi kuwa ng'ombe."

Akasema anaweza kulipunguza, bila malipo, saa moja tu. Hapo hapo ningekuwa na gauni la saizi kumi na sita, la kwanza maishani mwangu. Nikayatazama maandishi ya ukutani. Kifua, kiuno, nyonga. Niliwahi kumpima Mama kwa ajili ya sare ya kanisa. Nilizijua namba zile.

Nilimwambia asilipunguze. Nililia njia nzima, na dereva mmoja wa lori aliyekwama kwenye foleni akanipa kitambaa cha kufutia kioo.

Mama alifika jioni. Nilikuwa nimelitandaza gauni kitandani mwake, na mshipi kando, na vipande vilivyobaki nimevikunja vizuri kana kwamba hilo lingesaidia. Nikamweleza yote. Alipitisha vidole kwenye maua ya dhahabu, akafika kwenye mshono, akasimama hapo.

Akaniambia nimletee sindano na uzi mweusi. Afadhali angenipigia kelele.

Jumamosi, 23 Agosti

Asubuhi Mama alilivaa gauni. Lilimkaa kana kwamba Egwang alimpima yeye. Alikuwa ameshaushona mpasuo kwa uzi mweusi. Lakini mabega wazi hayana dawa. Akajitazama kiooni mara moja, akafungua kabati, akatoa sweta yake ya kanisani na kuivaa juu yake, akaifunga vifungo vyote. Juu ya gauni la mama mkwe! Katika jua la Malaba!

Mimi nilikuwa nimevaa sare ya shule. Nilikuwa nimeamua kwamba hiyo ndiyo adhabu yangu. Mama akaniambia niivue. Akalichukua lile pazia la zambarau, akazitoa pete kumi na mbili kwa kisu cha jikoni, akanizungushia, akakunja mikunjo mbele, akaifunga kiunoni kwa mshipi wa gomesi yake. Hakutumia utepe wa kupimia. Alikaza mshipi mpaka nikanyooka.

"Gomesi haina saizi, Amuron," akasema. "Inafungwa tu."

Akarekebisha bega moja. Hakunitazama machoni.

"Ungeniomba, ningekufunga ile ile. Mimi ningevaa sare ya kanisa."

Hiyo ndiyo sentensi niliyotembea nayo chini ya leso. Nilisikia ngoma, nilisikia Nicholas na wazee wake wakitaniwa kwamba wamepotea njia. Kisha leso yangu ikainuliwa. Watu mia moja. Halafu mwanamke mmoja wa Budalang'i akapiga vigelegele na kuuliza huyu mrefu ni wa nani. Mimi, mrefu! Nicholas akasema siye, akapita. Baadaye Carolyne alininong'oneza nguo hii nimeipata duka gani. Nikamjibu Busia, nikawa nimesema kweli.

Carolyne amenitumia picha. Nimetokea vizuri. Nimeitazama mara nyingi leo. Nyuma yangu, kushoto, Mama amesimama na sweta imefungwa mpaka shingoni, anajifuta jasho, anapiga makofi. Nilidhani nitamwonyesha kila mtu picha hiyo.

Jumapili, 24 Agosti

Kesho shule zinafunguliwa. Nimeandika azimio na kulipigia mstari mara mbili: Sitagusa tena kitu cha Mama bila kumwomba. Nimejifunza. Najihisi mtu mzima.

Gomesi mpya waliyomletea ni ya kijani, nzito, yenye nyuzi za fedha. Mama ameipima mara moja tu, akasema ni nzuri, akaikunja na kuiweka kwenye sanduku la bati. Safari hii amenunua kufuli.

Oktoba kuna siku ya tuzo. Mwalimu amedokeza kwamba insha yangu imeshinda, kwa hiyo nitapanda jukwaani mbele ya shule nzima. Nitahitaji kitu cha kuvaa. Naweza kumwomba Mama anifunge gomesi. Alisema mwenyewe, ungeniomba. Lakini nimejaribu kumwomba mara mbili tangu asubuhi na mara zote nimeishia kuomba chumvi. Kumwomba mtu uliyemkosea, uso kwa uso, ni jambo zito. Linahitaji mtu mwenye ujasiri.

Nimefikiri sana. Gomesi ile ya kijani ina mikunjo mingi ya ndani, mbele, pale ambapo hakuna anayeiona. Mita moja ikitoka humo, ni nani atajua? Tena sasa Egwang ana vipimo vyangu vya kweli.

Ufunguo Mama ameuficha ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Hesabu, kwa sababu anaamini hakuna mtu nyumbani anayekisoma.

Nimekianza leo baada ya kanisa. Kinavutia sana.